Jogoo wa Mabega ya Zambarau

Watu wa Eldoret wanaonijua leo wananijua kwa mashine yangu ya kusaga na kwa duka langu la milango mitatu. Hawajui kwamba kabla ya hayo yote nilimfufua jogoo. Sisemi nilimtibu. Kutibu ni kazi ya mtu yeyote mwenye chumvi na maji moto. Mimi nilimfufua, nikiwa na darasa la pili tu, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza.

Ilikuwa kabla ya vita vya Hitler. Mji wetu wengi walikuwa bado wanauita Sisibo, barabara kubwa ilikuwa tope la kufika magotini kila mvua zikianza, na magari ya ng'ombe ya Makaburu yalipanga mstari mbele ya karakana niliyofanyia kazi. Mimi nilikuwa fundi wa ngozi. Nilikuja hapo kutoka Magharibi, nikaajiriwa kufagia. Nilifagia huku nikitazama mikono ya wenzangu, na mwaka wa tatu nilikuwa nashona hatamu na matandiko ya farasi vizuri kuliko yule Kaburu mwenye karakana. Hakusema hivyo kwa mdomo, lakini tandiko la mke wake alinipa mimi.

Yule mama alipoona mshono wangu alifurahi, akanipa mayai matatu ya kuku wake, wale weupe wakubwa waliotoka nao Kusini. Nikamwekea kuku wa jirani ayaatamie. Mawili yakaoza. La tatu likatoa jogoo ambaye mpaka leo sijaona mfano wake. Mweupe kama shuka ya hospitali, mrefu kufika gotini kwangu, na mimi si mfupi. Akitembea nyuma ya nyumba watu walisimama kwenye ua kumtazama. Nami nilikuwa nasimama karibu naye, ili wajue ni wa nani.

Sasa, wakati wa mavuno nilikwenda kwa wakwe zangu. Nilikuwa nimemwoa binti yao haraka haraka, na baba yake hakuwa ameridhika. Alikuwa mzee mtulivu mwenye macho madogo, mtu wa kusikiliza mpaka umalize, halafu anangoja tena kidogo kama kuna zaidi. Kwangu kulikuwa na zaidi kila mara. Nilimwambia habari za mji, za kazi yangu, na za jogoo. Nikamwonyesha urefu wake kwa mkono. Nakubali mkono ulipanda kidogo.

Mzee akasema, "Huyo jogoo nitakuja kumwona."

"Si kumwona tu, Baba. Kumla."

"Haya. Nitakuja kumla. Na nikifika nisimkute, nitajua na mambo mengine uliyosema ni ya namna hiyo hiyo. Nitarudi na mtoto wangu."

Alisema hivyo mbele ya watu, bila kuinua sauti. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Hakunitazama njia nzima ya kurudi.

Lazima nieleze desturi, maana vijana wa siku hizi wanakula kuku bila kuulizana. Kwetu mkwe akija haletewi nyama hivi hivi. Kwanza huletewa kuku akiwa hai. Anamshika, anampima uzito kwa mikono, anapuliza manyoya ya kifuani aone kama ana mafuta, halafu anakurudishia, ndipo unachinja. Na kuku aliyeguswa na jino la mnyama wa porini hapewi mkwe, hata kama amepona na kunenepa. Hayo ni makombo. Ukimpa mkwe makombo ya nguchiro, umemwambia kwamba yeye na nguchiro wanakula sahani moja.

Mzee akatuma neno kwamba angefika Jumapili baada ya ibada. Alhamisi asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini, nikasikia mke wangu anapiga kelele nyuma ya jiko. Nikatoka na kiatu kimoja. Nguchiro alikuwa ametokea kwenye mabua ya mahindi, yule mwembamba mwenye mkia mrefu, na alikuwa amemkamata jogoo begani anamvuta. Jogoo hakukubali kuvutwa. Walikuwa wanazunguka kama watu wanaogombania blanketi. Mke wangu akarusha kuni, ikampata nguchiro mgongoni, akakimbia na mdomo umejaa manyoya meupe.

Jogoo akasimama, akapiga hatua mbili za heshima, akaanguka.

Tukamgeuza. Ngozi ya bega la kushoto ilikuwa imechanika mpaka kifuani, inaning'inia kama mfuko wa koti la zamani. Na kile kifuko cha chini ya shingo, ambamo kuku huweka nafaka kabla ya kuisaga, kilikuwa kimetoboka. Mahindi aliyokula asubuhi ile yalikuwa yanatoka punje moja moja.

"Huyu amekufa," mke wangu akasema. "Anangoja tu kuambiwa."

"Hajafa. Anakodoa macho."

"Hata mbuzi wa sokoni kichwa chake hukodoa. Mwanaume, tumwambie Baba ukweli. Tununue kuku mwingine."

"Mwingine gani mweupe, mrefu hivi? Nilishamwonyesha kwa mkono!"

"Huo mkono wako," akasema, "ndio ungeliwa na nguchiro."

Nikamwambia alete sindano yake. Akauliza kama ni ile ya kushonea gauni lake la kanisani, nikamwambia hiyo hiyo, na sufuria ndogo, na chumvi. Akaenda analalamika, lakini alikwenda mbio. Hapo nikajua kwamba hata yeye hataki kurudishwa kwao.

Sikiliza nilivyofanya, maana sikufundishwa na mtu. Nilimviringisha jogoo ndani ya gunia, kichwa na bega tu vikabaki nje, nikamvika soksi yangu kichwani, mdomo wake nikautoa kwenye tundu la kidole. Kuku asipoona hadhani kuna jambo. Mke wangu akamshika juu ya mapaja. Nikachemsha maji na chumvi, yakapoa mpaka kiwiko changu kikayavumilia, nikaosha kidonda, tope lote, na vipande vya mabua, na manyoya yaliyoingia ndani. Manyoya ya pembeni nikayang'oa ili nione mpaka wa ngozi. Yale mahindi yaliyobaki ndani ya kifuko nikayatoa kwa kidole, punje baada ya punje, kwa sababu ukishona uchafu ndani umeshona kifo.

Kuna fundi wa kuharibu ambaye angeshona ngozi na kifuko pamoja, mara moja, amalize. Mimi nilijua kutoka kwenye tandiko kwamba bitana hushonwa peke yake na ngozi ya juu peke yake. Nilishona kifuko kwanza, kwa uzi mwembamba niliouchemsha. Halafu ngozi ya juu nikaishona kwa uzi wa kazini, ule wa kitani uliopakwa nta, mshono wa hatamu: sindano mbili, tundu moja, zinapishana. Mshono huo farasi akivuta, unakaza. Nilishona mishono kumi na mmoja, yote sawa sawa. Mke wangu alikuwa ameshika yule ndege huku amefumba macho. Alipofumbua akatazama, akasema, "Kumbe." Neno hilo moja. Mimi ninalikumbuka kuliko sifa nyingine zote nilizopewa, na nimepewa nyingi.

Kwa siku mbili hakula nafaka. Tulimpa maji yenye sukari kidogo, na uji mwepesi, kwa kijiko, kidogo kidogo, kifuko kisijae kikapasuka. Tulimlaza ndani ya sanduku karibu na jiko.

Lakini nilitaka dawa pia. Kidonda bila dawa ni kama barua bila stempu. Saa ya chakula cha mchana nikaenda kwa dresa wa misheni, mfunga vidonda, kijana mmoja wa koti jeupe aliyeandika kila kitu kwenye daftari. Nilijua hatatoa dawa ya watu kwa kuku. Kwa hiyo nikasema nina mgonjwa nyumbani, ameumia begani.

"Umri wake?"

"Mwaka mmoja na nusu."

"Mtoto! Kaumia namna gani?"

"Aliumwa na mnyama."

"Maskini. Analia sana?"

"Alfajiri tu."

Akaandika. "Anakula?"

"Sasa ni uji. Kabla ya hapo alikuwa anakula mahindi."

"Mtoto wa mwaka mmoja na nusu umempa mahindi?"

"Anayapenda."

Akanitazama kwa hasira, akanieleza kwa urefu jinsi watu wa kwetu tunavyoua watoto kwa ujinga, nami nikainamisha kichwa nikakubali yote. Nikatoka na chupa ya dawa ya zambarau, ile inayopakwa kwenye vidonda, na onyo la kutompa mtoto chochote kigumu.

Hapa ndipo palipotokea kosa, kama unaweza kuliita kosa. Dresa alikuwa amesema nipake kidogo kwa pamba. Lakini mimi nina brashi yangu ya kupakia rangi kwenye ngozi, na mkono wa fundi haujui kidogo. Nilipaka kidonda, nikapaka na kando ya kidonda, na jogoo akajikung'uta mara moja, dawa ikaruka. Nilipomaliza, bega zima la kushoto lilikuwa zambarau, zambarau kabisa, juu ya kuku mweupe kama shuka. Nikajaribu kuosha kwa sabuni. Ikawa inang'aa zaidi.

Mke wangu akakaa chini akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Umemfanya askofu! Baba anakuja kula askofu!"

"Nyamaza nifikiri."

Nikafikiri. Na kitu kilichokuwa kinanisumbua, haki ya Mungu, si mkwe tena. Ni kwamba bega moja lilikuwa zambarau na lingine jeupe. Mimi siwezi kutoa kazi karakanani upande mmoja una rangi na mwingine hauna. Nikachukua brashi, nikapaka bega la kulia. Nikarudi nyuma, nikapima kwa jicho, nikaongeza kidogo mpaka yakalingana. Na yalipolingana, mbele yangu hakukuwa tena na kuku mgonjwa. Kulikuwa na aina mpya ya kuku. Alikuwa kama afisa wa jeshi.

Nikamwambia mke wangu, "Ndivyo walivyo. Ndiyo aina yake. Makaburu wanawafuga hivi."

"Na Baba ataamini?"

"Baba yako amewahi kufika Kusini?"

Alifunga kitambaa chake upya, polepole, na kicheko kilikuwa kimemtoka.

Jumapili mzee akafika, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Tukasalimiana, akanawa miguu, akakaa kwenye kiti changu kizuri. Tukaongea habari za mvua. Halafu ukaja wakati wenyewe, nikatoka nje, nikamchukua jogoo kwa mikono miwili, nikamweka mbele ya mkwe wangu kama desturi inavyotaka.

Mzee akatazama. Akangoja kidogo, kama kawaida yake.

"Ni mkubwa," akasema.

"Nilikuambia, Baba."

"Mabega je? Hukuniambia habari ya mabega."

"Nilitaka uone mwenyewe. Ndiyo aina yake. Inatoka Kusini na Makaburu. Wote wako hivyo."

"Wote?"

"Tangu vifaranga."

Kwa nini niliongeza hilo la vifaranga sijui. Lilitoka lenyewe. Nyuma ya pazia nikasikia mke wangu anakohoa kikohozi kisicho cha homa.

Mzee akampokea jogoo. Akampima uzito. Akainamisha kichwa, akapuliza manyoya ya kifuani, fuu, kisha akapuliza tena upande wa kushoto, karibu na bega. Kidole gumba chake kikapita juu ya ngozi taratibu, kikafika mahali, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena, kama mtu anayehesabu kitu. Jogoo wangu, mtu mzima yule, alikaa kimya bila kutikisika.

"Mkwe," mzee akasema.

"Naam, Baba."

"Mbegu kama hii haichinjwi."

Nilikuwa nimeshanyoosha mikono nimpokee jogoo.

"Ukimchinja huyu, utakuwa umekata ukoo. Nitakwenda naye. Nina kuku wanne wa kutaga nyumbani. Akizaa vifaranga wenye mabega haya, nitajua kwamba mkwe wangu anasema kweli, na mtoto wangu akae hapa mpaka azeeke. Wakizaliwa weupe," akamfuta jogoo tope kwenye kidole cha mguu, "nitakuja kumchukua. Leo nitakula maharagwe."

Akala maharagwe. Aliyasifu. Akaondoka na jogoo ndani ya kikapu, kichwa kinachungulia, mabega yake mawili yanawaka jua likiyapiga.

Mke wangu hakunisema vibaya. Afadhali angenisema. Aliosha vyombo, akapanga, kisha akasema, "Umeniweka juu ya mayai ya kuku."

"Nitafanya jambo."

"Jambo gani? Utaongea na mayai?" Halafu akauliza, huku anatazama upande mwingine, "Ile chupa. Dawa bado imo?"

Ilikuwa imebaki nusu.

Mwezi mmoja na siku kadhaa ukapita. Siku hizo nilishona vibaya karakanani, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baadaye. Neno likafika kupitia kwa mtu wa kwao aliyekuja kutafuta kazi: vifaranga wametoka, mkwe aje. Nikaomba ruhusa kwa Kaburu, nikasema nimefiwa, na kwa moyo nilivyokuwa sikuwa nadanganya sana. Chupa niliifunga kwa kitambaa, nikaiweka mfuko wa ndani wa koti. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nilimjua mzee, adhuhuri huwa shambani kwake ng'ambo ya kijito. Nitafika saa hizo, niwapake vifaranga, nikae kivulini ningoje.

Nikafika adhuhuri. Kwanza nilimwona jogoo, mzima, mnene, anatembea kama mwenye mji. Mabega yalikuwa yameshapauka, lakini bado rangi ilikuwepo kidogo. Halafu nikaona kuku jike anachakura karibu na ghala, na nyuma yake vifaranga saba.

Wote saba walikuwa na mabega ya zambarau.

Nilisugua macho. Zambarau, kulia na kushoto. Mmoja alikuwa na zambarau mpaka mdomoni, kama aliyechovywa kichwa. Kwa muda mfupi, na hili sijamwambia mtu, niliamini. Nilisema moyoni, kumbe mimi ni mtu mkubwa kiasi hiki.

"Karibu, mkwe," sauti ikasema.

Mzee hakuwa shambani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya upenu, mikono juu ya magoti. Vidole vyake vilikuwa zambarau mpaka kwenye maungio ya pili.

"Mbegu yako ina nguvu," akasema.

"Ina nguvu, Baba."

"Nilikuwa na wasiwasi. Lakini wametoka kama ulivyosema. Tangu vifaranga."

"Ndivyo walivyo."

Hakucheka, wala mimi sikucheka. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa, akanipa. Ndani mlikuwa na vipande vya uzi wa kitani wenye nta, vimekatwa vizuri. Kumi na kimoja.

"Nilivitoa ngozi iliposhikana," akasema. "Nimeshika kuku maisha yangu yote, mkwe. Huyu alikuwa ameshakufa. Nani alikufundisha kushona hivi?"

"Mwenyewe."

"Mm." Akatikisa kichwa kidogo. "Hilo nalo naamini."

Nilianza kumweleza ile habari ya bitana na ngozi ya juu, na nilikuwa nimepata mwanzo mzuri, aliponyoosha kidole kile cha zambarau kwenye koti langu.

"Hapo kifuani umebeba nini? Pamevimba."

"Dawa, Baba."

"Dawa ya nini?"

"Ya kikohozi."

"Pole sana. Njia ni ndefu na vumbi ni jingi. Kunywa, usione haya. Hapa ni kwenu."

"Nitakunywa baadaye."

"Kikohozi hakingoji. Kunywa mkwe wangu."

Akangoja. Nimesema alikuwa mtu wa kungoja. Nikafungua kitambaa, nikang'oa kizibo, nikapiga funda moja mbele ya mkwe wangu na vifaranga saba. Uchungu wake siwezi kuueleza. Mzee akaniuliza kama imesaidia. Nikasema imesaidia sana, na nilipofungua mdomo kusema hivyo akageuza uso upande wa ghala, mabega yake yakaanza kutikisika, akatikisika hivyo kwa muda mrefu bila sauti.

Nililala kwao siku mbili. Mama mkwe hakutokea mbele yangu, kama heshima inavyotaka, lakini kila nilipoongea na mzee nilisikia watu wanakimbilia nyuma ya nyumba kucheka.

Nilipofika Eldoret mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama meno, akanitazama midomo. Nikafungua mdomo kueleza, na ulimi wenyewe ukaonekana, zambarau. Safari hii hakucheka.

"Wangapi?" akauliza.

"Saba."

"Wa rangi gani?"

"Zambarau. Wote. Baba yako alitangulia."

Kisha akaingia ndani, nami nikamfuata, nikamkuta amepiga magoti mbele ya sanduku lake la nguo lililokuwa katikati ya chumba, limefungwa kwa kamba. Alikuwa amelifunga nikiwa njiani, hakuniambia. Fundo lilikuwa limekaza. Akalifungua kwa meno, akatoa gauni lake la kanisani, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari wake.